Plastiki ni rahisi, kalibu ndiyo ghali: hesabu ya ganda la simu kwa soko la Afrika Mashariki

Kilo moja ya plastiki aina ya ABS, ile ngumu inayotumika kwenye simu, rimoti na redio, inaweza kutoa maganda 40 ya simu yenye uzito wa gramu 25 kila moja. Kwa bei ya dola mbili au tatu kwa kilo, plastiki iliyomo kwenye ganda moja haifiki senti 10 za dola. Mfanyabiashara anayesikia hesabu hiyo atauliza swali la haki: kwa nini basi hakuna foleni ya watu Nateete wanaotengeneza maganda ya simu na kuyapeleka Mutukula, Katuna, Busia na Mpondwe?

Jibu limo kwenye kalibu, kile chuma kilichochongwa umbo la ganda kwa ndani, ambacho mafundi wengi hukiita moldi. Kalibu ya ganda la simu ikichongwa kwa chuma kizuri hugharimu maelfu ya dola, na mara nyingi makumi ya maelfu, kabla ganda la kwanza halijatoka. Fedha hiyo hulipwa mwanzoni, na hairudi ila kwa kuuza maganda mengi. Soko la mtaa mmoja haliwezi kuirudisha, na hata soko la nchi moja huenda lisiweze. Soko la nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki linaweza. Hapo ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanapoingia katika hesabu hii, tena kama wahusika wakuu.

Ganda linalozungumziwa hapa lisichanganywe na kava. Kava ni vazi la kuvisha simu, linauzwa kila kona na bei yake inajulikana. Ganda ni bodi yenyewe: fremu inayoshika kioo, saketi na betri, pamoja na mgongo unaoifunika simu kwa nyuma. Kava likichanika, mtu hununua jingine. Ganda likipasuka kwenye simu ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitoa, simu nzima huishia kwenye droo, hata kama kioo kinawaka na betri inashika chaji. Fundi yeyote kwenye vibanda vya barabara ya Masaka anaijua hasara hiyo, na mchuuzi wa vipuri anaijua zaidi.

Kinachofanyika ndani ya mashine

Kazi ya kusukuma plastiki kwenye kalibu ni rahisi kuieleza. Chembe za plastiki hukaushwa kwanza, kwa sababu ABS hunyonya unyevu wa hewa, na ikiyeyushwa ikiwa na unyevu ganda hutoka na michirizi. Kisha chembe huingia kwenye bomba lenye joto la nyuzi 220 hadi 260 za Selsiasi. Parafujo kubwa huzisukuma zikiwa zimeyeyuka hadi ndani ya kalibu kwa shinikizo kubwa. Kalibu hupoozwa kwa maji, hufunguka, na ganda husukumwa nje. Mzunguko wote huchukua nusu dakika hadi dakika moja, hivyo mashine moja inaweza kutoa mamia ya maganda kwa zamu moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, plastiki hugandia ndani ya bomba na saa za kazi hupotea kwa kusafisha.

Kazi ngumu ni ile iliyotangulia. Mchongaji wa kalibu hupima kwa sehemu ya mia ya milimita. Kuta za ganda lazima ziwe na unene unaolingana, la sivyo upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na ganda hujikunja. Lazima pia ziinamishwe kidogo, nyuzi moja au mbili, ili ganda litoke bila kukwaruzwa. Kila kijino cha pembeni kinachoshika mgongo wa simu hudai kipande cha chuma kinachoteleza ndani ya kalibu, na kila kipande kama hicho huongeza bei.

Kosa la mchoro nalo lina gharama yake. Chuma kinaweza kuchongwa zaidi, lakini kukirudisha kilichokwisha kutolewa ni kazi ya kuchomelea na kuanza upya. Ndiyo maana wachongaji wazoefu huacha chuma cha ziada mahali penye shaka, hujaribu, kisha hupunguza kidogokidogo.

Katwe, mtaa wa mafundi wa vyuma usio mbali na Nateete, mafundi humimina alumini kwenye kalibu za mchanga na kutoa sufuria. Kalibu ya mchanga huvunjwa kila sufuria inapotoka, na fundi huitengeneza tena bila gharama ya kumtisha. Sufuria ikizidi milimita mbili upande mmoja, wali utaiva vilevile. Kwenye simu, milimita mbili maana yake kioo hakiingii na kitufe cha kuwashia hakibonyezeki. Ustadi wa mikono upo Kampala kwa wingi. Kinachohitajika kwa ganda la simu ni ustadi huo pamoja na mashine za kuchonga kwa kompyuta, chuma maalumu, na fedha ya kulipia siku nyingi za kazi kabla ya mauzo.

Hesabu inayopaswa kuandikwa ukutani

Chukulia mfano. Kalibu ya ganda moja, fremu na mgongo, imegharimu dola 15,000. Plastiki, umeme, mtumiaji wa mashine na ufungaji vinagharimu senti 60 kwa ganda. Hiki ni kipimo cha kufikiria tu. Bei halisi hupanda au kushuka kulingana na umbo la ganda na mahali kalibu inapochongwa, lakini mwenendo wa hesabu haubadiliki.

Yakitengenezwa maganda 300, kila moja limebeba dola 50 za kalibu, na gharama yake ni dola 50.60. Hakuna mteja wa Masaka wala Bukoba atakayelipa hivyo, kwa sababu bei hiyo inakaribia bei ya simu nzima ya hali ya chini. Yakifika 1,000, gharama ni dola 15.60. Yakifika 5,000, ni dola 3.60. Yakifika 30,000, ni dola 1.10.

Sasa weka bei ya rejareja ya dola 4. Kwa maganda 5,000 zinabaki senti 40 za kugawana kati ya msafirishaji, mwenye duka na mchuuzi, na hapo hata nauli ya boda haitoshi. Kwa maganda 30,000 zinabaki dola 2.90, na biashara inapumua. Plastiki, mashine na mikono ni vilevile katika hali zote mbili. Tofauti imeletwa na idadi ya wanunuzi peke yake, na kwa bidhaa ya namna hii idadi ya wanunuzi hutegemea idadi ya mipaka ambayo mzigo unaweza kuvuka bila kukwama.

Zipo njia za kuanza bila kalibu ya chuma. Printa ya 3D hutoa ganda bila kalibu yoyote, ila ganda moja huchukua saa kadhaa na uso wake huwa na mistari. Kalibu ya silikoni, inayotengenezwa kwa kuzungushia ganda la mfano, hutoa nakala 20 hivi kabla haijachakaa. Kalibu ya alumini ni nafuu kuliko ya chuma na hutoa maelfu ya maganda, ingawa huisha mapema. Hizi ni ngazi, na mwenye busara hupanda moja baada ya nyingine: printa kwa kujaribu umbo, silikoni kwa kuonyesha wateja, alumini kwa soko la kwanza, na chuma pale oda zinapoonekana kwa macho. Anayerukia chuma siku ya kwanza anacheza kamari, na anayebaki kwenye printa miaka yote hajaingia kwenye biashara.

Jamii ikichangia simu yake

Suala hili lina uzito zaidi kwa simu inayobebwa na jamii, yaani simu ambayo watumiaji huilipia kabla haijatengenezwa, michoro yake huwekwa wazi, na wao ndio huendelea kuihudumia kampuni inapochoka. Wazo hilo linavutia sana kwa Afrika Mashariki, ambako simu hutengenezwa na kutengenezwa tena hadi inapokataa kabisa.

Historia ya simu za namna hiyo ina onyo. Mradi wa Openmoko ulitoa simu ya Neo 1973 mwaka 2007 na Neo FreeRunner mwaka 2008, na michoro ya ganda ikawekwa hadharani ili yeyote aitumie. Mwaka 2009 kampuni iliacha kutengeneza simu. Wapenzi wake nchini Ujerumani walibuni saketi mpya yenye nguvu zaidi, iliyoitwa GTA04, lakini waliipima iingie kwenye ganda lilelile la FreeRunner ya zamani. Mradi mwingine, Neo900, ulipanga kutumia maganda na vioo vya Nokia N900, simu ambayo Nokia ilikwisha kuiacha. Watu wenye elimu ya kubuni saketi ya simu nzima walilazimika kuivisha nguo za marehemu, kwa sababu saketi chache zinaweza kuagizwa kwa bei inayovumilika, lakini kalibu haijali kama unataka ganda moja au laki moja. Mchoro ulikuwa wazi kwa kila mtu, na haukutosha.

Fairphone ya Uholanzi iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2013 iliuza simu yake ya kwanza kwa euro 325, ikilipwa kabla ya kutengenezwa, na ilihitaji wanunuzi 5,000 ili uzalishaji uanze. Walizidi mara kadhaa, na simu za toleo hilo zilizouzwa zilifika 60,000. Simu hiyo ya kwanza ilijengwa juu ya muundo uliokuwapo tayari kwa mtengenezaji wa China. Ganda na muundo wa kwao wenyewe ulikuja na toleo la pili, mwaka 2015, soko lilipokwisha kuonekana. Kwa msomaji wa ukanda huu kuna jambo la ziada: katika simu hiyo kulikuwa na bati na tantali vilivyofuatiliwa kutoka migodi ya Kongo. Madini yalivuka mpaka kutoka Afrika ya Kati, na simu iliyokamilika ikauzwa Ulaya.

Kwamba watu wa huku hawawezi kuchangisha, hilo halina msingi. Wakaliga, jirani kabisa na Nateete, ndiko iliko studio ya filamu inayojulikana duniani kama Wakaliwood, ambayo mwanzilishi wake Isaac Nabwana alikuwa akiunganisha kompyuta za kuhariria kwa vipuri vilivyotumika. Mwaka 2015 studio hiyo iliomba mchango wa dola 160 kwenye mtandao wa Kickstarter kwa ajili ya filamu moja, ikapata zaidi ya dola 13,000. Miaka miwili kabla yake, kifaa cha intaneti cha BRCK, kilichobuniwa Nairobi kwa mazingira ya umeme unaokatika, kilichangiwa zaidi ya dola 170,000 na watu zaidi ya 1,000.

Filamu ina bahati moja ambayo simu haina. Nakala ya pili ya filamu haigharimu chochote, na ya elfu moja vilevile. Dola 13,000 za Wakaliga zingeingia zote kwenye kalibu ya mfano uliotolewa hapo juu na bado zisiifikie bei yake. Anayetaka simu ya jamii Kampala lazima aanze na ukweli huo, asije akachangisha fedha za watu kwa bei ya plastiki kisha akarudi kuwaambia habari ya chuma.

Uwezo uliopo, na pengo lake

Kampala haiko mikono mitupu. Viwanda vya plastiki vipo. Mukwano inajulikana kwa vyombo vya nyumbani, na Nice House of Plastics imejaza madarasa ya Uganda kalamu zake. Kalamu ni somo zuri kuliko hotuba yoyote: ganda lake ni plastiki ya gramu chache, bei yake ni ya mwanafunzi, na inawezekana kwa sababu kalibu moja hutoa kalamu nyingi mno hata gharama yake haionekani. Mashine na mafundi wanaojua joto na shinikizo wapo mjini humo.

Chuo cha Utafiti wa Viwanda cha Uganda, UIRI, kina kituo cha uchongaji wa vyuma na mafunzo ya ufundi huko Namanve, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2020, chenye mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta. Kenya ina KIRDI, na Tanzania ina SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Kinachokosekana ni daraja kati ya taasisi hizi na mtu mwenye oda ndogo. Fundi wa Nateete anayetaka kalibu ya alumini anahitaji orodha ya bei iliyobandikwa mlangoni, muda wa kusubiri unaojulikana, na mkataba wa ukurasa mmoja. Bila hivyo atatuma mchoro wake Guangzhou, ambako atajibiwa siku hiyohiyo.

Ukanda umekwisha kujaribu simu zake zenyewe. Oktoba 2019 Rais Paul Kagame alizindua kiwanda cha Mara Phones mjini Kigali. Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni akazindua kiwanda cha SIMI huko Namanve, kilichotajwa kuwa na uwezo wa kutoa simu za kawaida 2,000 na simu janja 1,500 kwa siku. Oktoba 2023 Rais William Ruto akafungua kiwanda cha EADAK huko Athi River, kinachozihusisha Safaricom na Jamii Telecommunications, na simu zake za Neon zikaanza kuuzwa kwa shilingi 7,499 za Kenya. Kiwanda pacha cha Mara kule Durban, kilichozinduliwa mwezi mmoja na kile cha Kigali, kilipelekwa mnadani mwaka 2022.

Kila nchi imekata utepe wake na kila nchi imehesabu wateja wake. Viwanda vitatu vyenye maganda matatu tofauti ni kalibu tatu za kulipia, na kila moja inatafuta wanunuzi wake peke yake katika ukanda ambao wanunuzi wake wangetosha vizuri wakihesabiwa pamoja. Jumuiya yenye soko la pamoja tangu mwaka 2010 inaendelea kutengeneza simu kana kwamba mipaka ni ileile ya zamani.

Mzigo ukifika mpakani

Utaratibu wa kuvusha bidhaa ya namna hii upo kwenye maandishi. Ushuru wa pamoja wa forodha umejengwa juu ya kanuni kwamba malighafi na mitambo huingia kwa asilimia 0, bidhaa za kati kwa asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika kwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Anayeleta chembe za plastiki na kuzigeuza ganda hapa anapaswa kufaidika na mpangilio huo. Kanuni za Asili ya Bidhaa za mwaka 2015 huangalia kama malighafi ya nje imegeuzwa vya kutosha ndani ya Jumuiya. Ikiwa imegeuzwa, bidhaa huvuka bila ushuru wa forodha.

Kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi dola 2,000, mradi bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi husika. Kwa bei ya jumla ya dola 2 kwa ganda, huo ni mzigo wa maganda 1,000, unaotosha kujaa masanduku machache kwenye basi la usiku. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 nayo inataka alama ya ubora ya nchi moja mwanachama itambuliwe na nyingine, hivyo ganda lenye alama ya UNBS lisipimwe upya Kenya au Tanzania.

Kilichobaki ni utekelezaji, na hapa kumbukumbu ya Katuna bado ni kidonda. Mpaka huo ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Mwenye duka la nguo aliyekuwa akiuza Kigali angeweza kugeuza mzigo wake kuelekea Juba au Goma. Mwenye kalibu hana pa kugeukia: chuma kimechongwa kwa umbo moja, deni linahesabu siku, na wanunuzi aliowatia kwenye hesabu wamefungiwa upande wa pili. Kila mkataba wa kalibu unaotegemea nchi nane una hatari ya kisiasa ndani yake, na wanasiasa wanaofunga mipaka hawailipii.

Hoja ya anayesema tuagize tu

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni kujitafutia taabu. Kontena kutoka China lina maganda ya kila simu maarufu kwa bei ambayo Nateete haitaifikia kamwe. Kwa simu maarufu, wana haki. Kalibu za simu hizo zilikwisha kulipwa na mamilioni ya wanunuzi duniani, na kushindana nazo ni kupoteza fedha.

Hoja hiyo inaishia pale simu inapokuwa ya ukanda huu peke yake. Ganda la simu iliyokusanywa Namanve, Kigali au Athi River halimo kwenye kontena la mtu yeyote siku mtengenezaji akiacha toleo hilo. Ganda la simu ya jamii halitakuwamo kabisa. Kama hakuna mpango wa ganda, hakuna mpango wa matengenezo, na simu inayouzwa kwa jina la uzalendo inageuka taka baada ya kuanguka mara mbili. Anayepoteza hapo ni mnunuzi wa kijijini, kisha mchuuzi aliyemuuzia na atakayelaumiwa naye kila siku ya soko.

Mambo manne ya kuanzia

La kwanza ni kwa serikali. Kila mkataba wa kupewa kiwanja au nafuu ya kodi kwa mkusanyaji wa simu uwe na sharti kwamba michoro ya ganda itawekwa wazi na kalibu zitatunzwa kwa miaka angalau mitano baada ya toleo kuachwa, au zikabidhiwe kwa atakayeendelea nazo. Nafuu ya kodi ni fedha ya wananchi, na wananchi wanastahili kupata kipuri.

La pili ni kwa UIRI, KIRDI na SIDO. Zikubaliane msingi mmoja wa kalibu, yaani fremu ya nje ya chuma yenye vipimo vilivyosanifiwa, ambayo vipande vya ndani pekee ndivyo hubadilishwa kwa kila umbo. Njia hiyo inatumika sana duniani na hupunguza gharama ya kila umbo jipya, kwa sababu fremu hulipwa mara moja. Kipande kilichochongwa Nairobi kiingie kwenye fremu iliyopo Namanve.

La tatu ni kwa Arusha. Vipuri vya simu vilivyotengenezwa ndani ya Jumuiya viwekwe kwenye orodha za cheti rahisi katika mipaka yote, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, Katuna, Mpondwe na Elegu. Orodha inayotofautiana kutoka mpaka hadi mpaka ni kodi isiyoandikwa.

La nne ni kwa wafanyabiashara wenyewe, na ndilo la haraka kuliko yote. Vyama vya akiba na mikopo vilivyozoea kununua maduka na magari ya pamoja vinaweza kununua kalibu ya pamoja. Mchuuzi 1 hawezi kulipa dola 15,000, lakini wachuuzi 150 wanaotoa dola 100 kila mmoja wanaweza, na kila mmoja wao akiuza maganda 200, hesabu ya 30,000 imetimia. Wachuuzi hao tayari wapo kwenye mabasi ya Mutukula na Busia. Hawajawahi kuketi pamoja kuhesabu.

Wakiketi, kuna jambo moja la kuandikwa kabla ya fedha kutoka: kalibu ni ya nani. Kwenye viwanda vingi kalibu hubaki kwa mwenye mashine, na mteja aliyelipia hugundua baadaye kwamba hawezi kuihamisha wala kumzuia mwingine kuitumia. Mkataba useme wazi kwamba walioilipia ndio wenye nayo, jina lao lichongwe kwenye chuma chenyewe, na utaje siku ambayo wanaweza kuichukua na kuipeleka kwenye mashine nyingine, iwe Nalukolongo, Kisumu au Mwanza. Kikundi ambacho hakijapata karatasi hiyo hakijanunua kalibu, kimemkopesha tu mwenye kiwanda. Na kikundi chenye karatasi hiyo mkononi kinaweza kwenda Arusha kudai mpaka ulio wazi, kikiwa na mtaji wake kwenye meza ya mazungumzo.